Suti moja ya kuzamia kwa Nungwi, Muscat na Ujerumani?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nazamia Nungwi na Mnemba kwa suti ya kukodi ya milimita 3, na sasa nasomea kuongoza wazamiaji. Mwezi wa saba naenda Muscat kufanya kazi kwenye boti ya wazamiaji, na nimeambiwa niende na suti yangu mwenyewe. Dada yangu anaishi Ujerumani, ameahidi kunipeleka kuzamia kwenye maziwa ya huko nikipata likizo. Fedha niliyonayo inatosha suti moja tu. Wenzangu wananishauri nichukue ya milimita 7 ili baridi isinipate popote. Isitoshe, mimi ni mtu wa kujisitiri, nataka vazi litakalonifunika. Ninunue ipi?"

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa hatua uliyofikia. Nianze na litakalokuokolea fedha: usinunue ya milimita 7. Nunua suti ndefu yenye mpira wa unene wa milimita 5, iliyokushika mwili barabara, uongeze kizibao chembamba chenye kofia cha kuvaa ndani yake. Ujerumani usiinunulie kitu kwa sasa. Nitakueleza sababu kwa urefu kidogo, maana ukishazielewa utaweza kujichagulia mwenyewe hata ukipelekwa bahari ambayo sijaitaja hapa.

Maji hunyonya joto la mwili haraka mno kuliko hewa, takriban mara 25. Ndiyo maana hewa ya nyuzi 27 tunaiita joto, lakini maji ya nyuzi 27 yanakutetemesha ukikaa humo saa nzima bila kujishughulisha. Mtu asiye na suti, akiwa ametulia, anahitaji maji ya nyuzi 33 hadi 35 ili asipoteze joto. Hakuna siku bahari ya Zanzibar inafika huko. Kwa hiyo hata Mnemba mwezi wa tatu, maji yakiwa nyuzi 29, joto linakutoka, ila polepole kiasi kwamba mgeni anayezamia mara moja halioni. Wewe unayeshuka mara mbili au tatu kwa siku, siku sita kwa wiki, utaliona. Tazama viongozi wakongwe wa Nungwi: wageni wamevaa suti fupi, wao wamevaa ndefu ya milimita 5. Wanajua wanachofanya. Kiongozi anaogelea taratibu akiwasubiri wengine, hivyo misuli yake haizalishi joto jingi, na joto lililopotea asubuhi halijarudi lote anapoingia majini tena mchana.

Jeshi la majini la Marekani lina kitengo cha majaribio ya uzamiaji huko Panama City, Florida. Mwaka 2007 kilitoa ripoti ya majaribio ambayo napenda kila mwanafunzi wangu aijue. Wazamiaji waliwekwa kwenye maji ya nyuzi 36 au 27, wengine wakiwa na joto chini na baridi wakati wa kupanda, wengine kinyume chake. Waliopata joto kule chini kisha wakapoa wakati wa kupanda ndio waliougua zaidi ule ugonjwa wa viputo vya naitrojeni mwilini. Sababu ni kwamba damu ikizunguka vizuri chini, mwili unabeba naitrojeni nyingi. Baridi ikibana mishipa wakati wa kupanda, naitrojeni hiyo inachelewa kutoka. Jaribio lile lilikuwa kali kuliko uzamiaji wetu wa kawaida, lakini zingatia kwamba yale maji waliyoyahesabu kuwa ya baridi ni ya nyuzi 27, maji ya Nungwi kabisa. Basi suti si suala la starehe tu, na mtu anayetetemeka kwenye kituo cha mita 5, pale tunaposimama dakika chache kabla ya kupanda juu, hapaswi kuchukulia kwamba ni jambo dogo.

Sasa suti yenyewe. Wengi wamefundishwa kwamba suti ya maji, yaani hii inayoruhusu maji kidogo kuingia, hukupa joto kwa sababu ya maji machache yanayoingia ndani na kupashwa na mwili. Hayo maji hayakupi joto. Yanakuibia, kwa sababu wewe ndiye unayeyapasha. Kinachozuia baridi ni gesi iliyofungwa kwenye viputo vidogo vidogo ndani ya mpira wa neopreni. Aliyeligundua hili ni Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, mwanzoni mwa miaka ya 1950: aliona kwamba mzamiaji hahitaji kuwa mkavu ili awe na joto, mradi gesi iwepo ndani ya nguo yenyewe.

Kutokana na hilo yanafuata mambo mawili ambayo muuza duka hakwambii. La kwanza, gesi husinyaa kwa shinikizo. Mita 10 chini shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, mita 30 ni mara nne, na viputo vinabanwa vivyo hivyo. Suti iliyokuwa nene kwenye boti inakuwa nyembamba mita 30, na huko ndiko maji yaliko baridi zaidi. Unapoihitaji zaidi ndipo inapokusaidia kidogo. La pili, viputo huchoka. Suti ya kukodi iliyoshuka na kupanda mamia ya mara haina tena milimita zilizoandikwa kwenye lebo. Ibane begani kwa vidole viwili, kisha ibane sehemu isiyochoka, mathalani ubavuni. Begani, pale mikanda ya jaketi la kuzamia linalobeba mtungi inapokaa kila siku, utakuta mpira umelala, mgumu kidogo, na ukiuachia haurudi haraka. Suti nyingi za milimita 3 ulizovaa Nungwi huenda zilikuwa zinafanya kazi ya milimita 2. Ndiyo maana suti mpya ya milimita 5 itakushangaza.

Lakini kabla ya milimita kuna jinsi inavyokukaa, na hapa ndipo ninapotaka uwe mkali. Suti ya milimita 5 inayopwaya ni mbaya kuliko ya milimita 3 iliyokushika. Ukiruka kutoka kwenye boti na suti inayopwaya, utasikia mstari wa maji baridi unashuka uti wa mgongo kuanzia shingoni. Huo wa kwanza si kitu. Tatizo ni kwamba kila ukiinamisha kichwa kumtazama mgeni aliye chini yako, mstari unashuka tena, na maji uliyokwisha kuyapasha yanatoka mikononi. Unafanya kazi ya kupasha bahari.

Dukani, ivae kwa utulivu, ukiwa mkavu, bila haraka. Vaa mfuko wa plastiki mguuni ili uteleze. Vuta mpira kuanzia kifundoni hadi kinena kabla ya kugusa mikono, maana watu wengi huacha kinena kikiwa chini kisha wanalaumu mabega kwamba yanabana. Ukishafunga zipu, mwambie mtu akuwekee kiganja mgongoni, pale kiuno kinapoingia ndani. Akiweza kushika mpira na kuuvuta mbali na mwili, maji yatajaa hapo. Angalia kwapani. Angalia chini ya matiti, kwa sababu suti iliyokatwa kwa umbo la mwanamume humwachia mwanamke nafasi hapo na kumbana nyongani. Mdogo wangu, tafuta iliyokatwa kwa wanawake hata kama ni ghali zaidi kidogo. Kisha chuchumaa, inua mikono yote juu, vuta pumzi hadi mwisho. Pumzi ikikatika kabla kifua hakijajaa, ni ndogo. Shingoni ibane bila kukunyonga. Ukosi mkali sana unagandamiza mishipa ya shingo na unaweza kukupa kizunguzungu, na kizunguzungu chini ya maji si jambo la kuvumilia kwa matumaini kwamba mpira utalegea. Zipu ikiwa mgongoni, hakikisha kuna ulimi mpana wa neopreni nyuma yake.

Twende kwenye bahari zenyewe. Kwetu Zanzibar, Pemba na Mafia, maji ya juu hufika nyuzi 29 hadi 30 karibu na mwezi wa tatu, kaskazi ikimalizika, na kushuka hadi 25 au 26 kusi ikikaza, mwezi wa nane. Pwani ya Kenya, Watamu hadi Diani, si tofauti sana. Kwa mgeni wa siku mbili milimita 3 inatosha karibu mwaka mzima. Kwa kiongozi, kusi ni ya milimita 5.

Oman ndiko wenzako wanakokosea, kwa sababu wanafikiria jua la Muscat. Mwezi wa saba juu ya maji huenda ukakuta nyuzi 30 na zaidi, na nje ya maji 40. Lakini bahari ya kule imepangika kwa matabaka. Unashuka kwenye visiwa vya Daymaniyat umevaa suti nyembamba, umefurahi, na kwenye mita 12 au 15 unaona maji mbele yako yanatetemeka kama hewa juu ya lami ya mchana. Huo ni mpaka. Ukiuvuka, ndani ya mita chache joto linaweza kushuka nyuzi sita au zaidi, hadi 23 au 22. Uso ndio unaotambua kwanza, kisha vidole. Siku nyingine mpaka upo mita 8, siku nyingine haupo. Kwa hiyo anayekwambia "maji ya Muscat ni nyuzi 30" amekwambia ya juu tu. Swali la kuuliza ni moja: kule chini kabisa nitakakokaa, kuna nyuzi ngapi? Suti huchaguliwa kwa maji hayo.

Ukishuka kusini zaidi mwa Oman, mkoa wa Dhofar wenye miji ya Salalah na Mirbat, jambo linazidi. Ile kusi yetu ndiyo ileile inayoendelea hadi pwani ya Somalia na Oman, upepo uliokuwa ukiyarudisha majahazi Uarabuni. Ikivuma sambamba na pwani hizo, husukuma maji ya juu yaende mbali na nchi kavu, na maji baridi ya kilindini hupanda kujaza pengo. Ndiyo maana wakati Salalah inapata ukungu na majani mabichi, bahari ya Mirbat inaweza kushuka chini ya nyuzi 20. Msimu huo mawimbi ni makubwa na boti nyingi za uzamiaji husimama, lakini ukija kupangiwa kazi huko kusi ikilegea, usidhani umekwenda sehemu ya joto kwa kuwa ni Uarabuni. Na majira ya baridi, mwezi wa kwanza na wa pili, hata Muscat hushuka hadi nyuzi 22 au 23 kuanzia juu hadi chini. Ukiwa na mkataba wa mwaka mzima, hiyo ndiyo miezi itakayokupima.

Sasa unaona kwa nini nimesema milimita 5 na kizibao. Suti peke yake itakuhudumia kusi ya Nungwi na siku za kawaida za Muscat. Kizibao cha milimita 2 au 3 chenye kofia iliyoungana nacho, ukikivaa ndani, kinaongeza tabaka kifuani na kuziba shingo, lile lango la mstari wa maji niliokueleza. Kichwa ni sehemu ndogo tu ya mwili, lakini mwili wote ukiwa umefunikwa na kichwa kikabaki wazi, baridi inapata njia yake hapo. Mimi nikilazimishwa kuchagua kati ya kuongeza milimita 2 za suti au kuongeza kofia, nachagua kofia. Milimita 7 kwa Muscat ya mwezi wa saba itakufanya uzidiwe na joto kwenye boti kabla hujaingia majini, itakulazimisha kubeba risasi nyingi (vile vipande vizito vya kukusaidia kuzama), na mikono itachoka kusukumana na mpira siku nzima.

Hata milimita 5 inahitaji adabu kwenye jua lile. Ivae hadi kiunoni tu, malizia dakika za mwisho, jimwagie maji, na unywe maji mengi. Mwili uliokauka pia huongeza hatari ya ugonjwa wa viputo.

Kuhusu kujisitiri, suti ndefu tayari inafunika hadi vifundoni. Vaa ndani yake vazi jepesi la mwili mzima la laikra, kitambaa chembamba kinachonyumbuka: suti itateleza kirahisi, ngozi haitachubuka, na ukiivua suti kwenye boti mbele ya watu bado umefunikwa. Laikra haiongezi joto la maana, ila siku za maji ya joto inakukinga na viwavi vya baharini. Kichwani, tumia kofia ya laikra inayobana, chini ya kofia ya neopreni au peke yake. Usivae ushungi unaopepea wala pini. Jambo la lazima ni ukingo wa barakoa: ukae juu ya ngozi tupu pande zote, kwenye paji la uso na mashavuni. Uzi mmoja wa kitambaa ukiingia chini ya silikoni, maji yataingia safari nzima. Fanya mazoezi ya kuipanga kofia mbele ya kioo nyumbani.

Glavu kwa Oman sizisisitizi. Maeneo mengi ya matumbawe hayazitaki, kwa kuwa mtu aliyevaa glavu hushikashika. Viatu vya neopreni vya milimita 3 hadi 5 ni vizuri, na vinunue pamoja na mapezi ili vilingane.

Kwa wasomaji wa Kigoma na Nyasa ambao nao huniuliza: ziwa Tanganyika kwa kawaida lina nyuzi 24 hadi 27, na milimita 5 inafaa. Kumbukeni tu kwamba ziwa hilo liko mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari, hivyo kompyuta ya kuzamia ipangwe kwa mwinuko huo.

Ujerumani ni habari nyingine kabisa. Maji matamu huwa mazito zaidi yakiwa nyuzi 4, kwa hiyo maji ya nyuzi 4 hulala chini ya ziwa na hayaondoki hata kiangazi kikiwa kikali. Bodensee, ziwa kubwa la kusini mwa Ujerumani, mwezi wa nane utaona watoto wanaogelea kwenye nyuzi 22, lakini shuka mita 20 au 30 na utakuta nyuzi 5 au 7. Hapo suti ya maji, hata ya milimita 7, inakupa muda mfupi wa mateso. Kinachovaliwa ni suti kavu: haipitishi maji, ina mipira ya lateksi au silikoni shingoni na mikononi, na ndani unavaa nguo nene za manyoya ya sintetiki au sufu. Pamba hapana; ikilowa jasho inakupoza. Faida yake kubwa ni kwamba unaongeza hewa kutoka kwenye mtungi kadiri unavyoshuka, hivyo unene wa lile tabaka la hewa haupotei kama viputo vya neopreni.

Ila hewa hiyo hutembea. Ikikimbilia miguuni, miguu inapanda juu na wewe unaifuata, na asiyefundishwa kujigeuza haraka hupanda bila breki. Ndiyo sababu nasema usinunue: lipia kozi ya suti kavu huko huko, watakukodisha ya ukubwa wako. Uliza pia kuhusu regulata, kile kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi. Kipimo cha Ulaya cha EN 250 huhesabu maji chini ya nyuzi 10 kuwa ya baridi, na regulata ambayo haikutengenezwa kwa hayo inaweza kuganda na kumwaga hewa bila kukoma. Ile ya Nungwi iache Nungwi.

Kama kwanza utapenda tu kulionja ziwa, nenda mwezi wa nane, baki juu ya mita 8 na suti yako ya milimita 5 na kizibao, utapata samaki na majani ya maji ya kutosha. Hilo nakuruhusu.

Mwisho ni risasi, kwa sababu suti mpya itabadilisha hesabu yako yote. Ukitoka milimita 3 iliyochoka kwenda 5 mpya, tegemea kuongeza kilo moja hadi tatu, lakini usikisie. Fanya kipimo mwishoni mwa safari, mtungi ukiwa umebaki na shinikizo la bar 50, kwa maana mtungi wa alumini huwa mwepesi kwa kilo mbili hivi hewa ikitumika. Simama mita 5, toa hewa yote kwenye jaketi, vuta pumzi ya kawaida. Ukibaki hapo hapo, umepata. Ukizama, punguza kilo moja kesho. Kwenye maji matamu utahitaji chini ya hapo kwa suti ileile. Na kwa kuwa neopreni mpya hulegea na kubanwa katika wiki za mwanzo, rudia kipimo baada ya mwezi.

Kila ukipanda, andika kwenye daftari lako joto la chini kabisa lililoonyeshwa na kompyuta, dakika ulizokaa, na dakika ambayo ulianza kuhisi baridi. Jaribu pia kugusanisha kidole gumba na kidole kidogo cha mkono huohuo. Ukishindwa, safari imekwisha, hata kama wageni wako wana hewa nusu mtungi. Ukimaliza mwezi wa kwanza Muscat nitumie hizo kurasa, tuone kama kizibao cha milimita 3 kinatosha kwa majira ya baridi au uombe mwajiri wako akuongezee.